Kijana anataka kuongeza nguvu ya gari: tulivyopiga hesabu kabla ya kugusa hela ya korosho

Novemba iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Madimba. Hela ya korosho ilikuwa imeingia benki juzi yake, na mwanawe alikuwa ameshaiwahi.

"Kaka, huyu mjomba wako anataka milioni moja na laki mbili. Anasema anaenda Dar, gari likawekewe programu. Programu ya nini, kwani gari halitembei?"

Wasomaji wa Kusini mnajua, kwa Wamakonde mtoto ni wa mjomba. Jambo likizuka huwezi kusema "muulize baba yake". Jumamosi nikapanda bajaji hadi Ligula, nikamkuta amefungua boneti. Ana miaka 24, ni fundi umeme wa majumbani, na lile Subaru Impreza alilinunua kwa jasho lake mwenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Haya, nieleze hiyo programu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nitaelewa."

Alinieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwa kuwa ombi kama hili linaingia nyumba nyingi siku hizi, nalieleza hapa kwa lugha ya mzazi.

Injini ya gari la kisasa inaongozwa na kompyuta, ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi. Ndiyo inayopanga petroli iingie kiasi gani na plagi iwashe wakati gani. Gari likiwa na tabo, inapanga pia hewa isukumwe kwa nguvu kiasi gani. Kiwandani mipango hiyo huwekwa kwa tahadhari, kwa sababu hawajui gari litaishia nchi ya joto au ya baridi, wala kwa mwenyewe makini au mvivu. Vijana wakisema "kutyuni", maana yake ni kuipanga upya: unakula sehemu ya ile tahadhari, unapata nguvu.

Hapa ndipo magari yanapoachana. Impreza ya mjomba wangu ina tabo na ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250. Gari kama hilo, programu peke yake inaweza kuongeza asilimia 10 hadi 20. Lakini kama mwanao ana Altezza, au Mark II ya injini ya 1G isiyo na tabo, programu tupu itamwongezea kidogo sana, pengine asione tofauti. Halafu kompyuta nyingi za Toyota za miaka ile haziandikwi upya kirahisi kama za Subaru. Watu hufunga kompyuta ndogo pembeni ya kuidanganya ile ya kiwandani, au huing'oa kabisa na kuweka nyingine, na hapo gharama inapanda mara kadhaa.

Wapo wanaoruka yote hayo na kubadilisha injini nzima. Kumbuka namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Injini ikibadilika, TRA lazima wajulishwe kadi irekebishwe, vinginevyo utahangaika siku ya kuuza.

Kwa hiyo mwenye Altezza ana jibu jepesi la kumpa mwanawe. Mimi sikuwa nalo.

Nikamwambia tupige hesabu. Ile milioni moja na laki mbili ilikuwa ya mtu wa programu tu. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, kwenda na kurudi 1,120. Lita moja ikimpeleka kilomita 10, zinahitajika lita 112. Nilimwambia aweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, bei halisi ya Mtwara EWURA huitangaza kila mwezi. Ikatoka 336,000 kabla hajala wala kulala. Na kazi hii mara nyingi haimaliziki kwa safari moja.

"Kuna jamaa anaweza kuja huku, mjomba. Anakaa na laptopu kiti cha pembeni, mimi nakanyaga mafuta."

"Unakanyagia wapi?"

"Barabara ya Mikindani, usiku."

Hapo nilisema hapana, na mpaka leo sijabadili neno. Kazi hiyo ina mashine yake, gari linafungwa, magurudumu yanazunguka juu ya rola, gari halisogei hata hatua. Barabara ya Mikindani ina bajaji, baiskeli zisizo na taa na watoto wa watu. Gari likiwa kilomita 120 kwa saa linakula mita 33 kila sekunde. Na ukitoka 60 kwenda 120, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini kazi ya breki imeongezeka mara nne. Hili nalifundisha kila mwaka ubaoni, na kila mwaka wanafunzi wananipa jibu la mara mbili.

Jingine la kuuliza ni programu imetoka wapi. Kuna zinazopakuliwa bure mtandaoni, zilizotengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani yenye oktani 98 hadi 100. Huku kwetu vituo vingi vinauza petroli ya aina moja, unachukua iliyopo. Ukiweka programu ya aina ile juu ya petroli yenye oktani ndogo, injini inagonga: petroli inalipuka kabla ya wakati wake, mlio kama korosho zinazotikiswa kwenye kopo. Kwenye injini hizi za Subaru, pistoni hupasuka pale ringi zinapokaa. Baada ya hapo huzungumzii tena programu, unatafuta injini.

Jumatatu tulilipeleka gereji moja ya Magomeni. Fundi, mzee wa makamo, hakubishana naye hata kidogo. Alipandisha gari kwa jeki, akatuita tuangalie.

Tairi za nyuma zilikuwa na namba 1114 ubavuni: wiki ya 11, mwaka 2014. (Angalieni za kwenu leo, ni tarakimu nne ndani ya kiduara.) Breki za mbele pini zake zilikuwa zimekwama kwa kutu, maana kijana hushinda site za Shangani, gari limepaki kwenye upepo wa chumvi. Mkanda wa taimingi hakuna aliyejua ulibadilishwa lini. Mkanda huo ukikatika kwenye injini ile, valvu zinagongana na pistoni.

Akatuandikia nyuma ya karatasi ya kalenda. Tairi nne 880,000. Mkanda na rola zake 350,000. Rejeta 250,000. Brekipedi na kusafisha breki 160,000. Plagi 140,000. Hizo ni bei tulizopewa siku ile, zako zinaweza kutofautiana. Jumla 1,780,000, na gari halijaongezewa nguvu ya hata punda mmoja.

Mjomba wangu alinyamaza muda mrefu.

"Na kabla ya programu," fundi akaongeza, "mpime kompresheni silinda zote nne. Moja ikiwa chini, programu itaimalizia."

Njiani nikamuuliza habari za bima. Alikuwa nayo bima kubwa, ila hakuwa amewaza kuwaambia. Gari likibadilishwa bila kampuni ya bima kujulishwa, siku ya ajali wana sababu ya kukataa kulipa. Waandikieni barua, mpate jibu la maandishi.

Vikorombwezo vingine sikuvipa muda. Filta ya wazi inavuta joto la injini na vumbi letu. Kutoa masega kwenye ekzosi kunaleta kelele na moshi mchafu. Na kushusha gari chini, huyu anayependa kwenda Msimbati kuendesha juu ya mchanga wa ufukweni, atakuwa anasukumwa na wavuvi kila Jumapili.

Jioni tulikaa Madimba, watatu. Nilitegemea dada atakataa katakata. Alisoma ile karatasi ya kalenda taratibu, akaikunja.

"Za tairi nitatoa, maana humo ndani na mimi napanda. Hayo mengine jipange."

Hakuna aliyemkataza programu. Tulikubaliana tu iwe ya mwisho kwenye orodha, na ifanyike kwenye rola. Januari alilipia mkanda na breki kwa hela yake. Februari akabadilisha plagi na kupima kompresheni, silinda zote nne zikakaribiana, akanipigia saa tano usiku kunipa habari.

Wiki jana alinitumia picha ya ile mashine ya rola, bila neno lolote. Nilimjibu kwa neno moja: "Rejeta?"