Mwindaji Anapoikuta Bangi Msituni

Kila mwaka kiangazi kinapokaribia kwisha, maelfu ya wananchi wa jimbo la California, nchini Marekani, husafisha bunduki zao, hukata leseni na kuelekea milimani kuwinda kulungu. Uwindaji huo si starehe ya matajiri peke yao. Fundi wa magari, mwalimu, mkulima na askari polisi aliye likizoni wote wana haki moja, kwa kuwa misitu wanayoiendea ni mali ya taifa. Jimbo hilo pekee lina misitu ya taifa 18, ambayo imechukua takriban sehemu moja ya tano ya ardhi yake yote. Inasimamiwa na Huduma ya Misitu, idara ya serikali kuu iliyoundwa mwaka 1905. Mwenye leseni na kibali cha mnyama aweza kuingia katika sehemu kubwa ya misitu hiyo bila ya kubisha hodi kwa mtu yeyote.

Nyumba isiyo na bawabu huingiwa na mwema na mwovu. Kwa zaidi ya miaka arobaini sasa, katika mabonde ya mbali ya misitu hiyo, wamekuwako watu ambao hawakufuata kulungu. Wao hukata miti midogo, huchimba matuta, huvuta maji ya vijito kwa mipira ya plastiki na kupanda bangi kwa maelfu ya mashina. Serikali ya jimbo iliunda kikosi maalumu cha kupambana nao mwaka 1983, kikitumia helikopta na askari wa idara mbalimbali. Mwaka 2022 kikosi hicho kilibadilishwa jina na mpango, kikawa cha kufanya kazi mwaka mzima badala ya msimu mmoja tu.

Huenda msomaji akauliza: je, California haikuhalalisha bangi? Ni kweli. Wapiga kura waliikubali kwa matibabu mwaka 1996, na kwa watu wazima wote mwezi Novemba 1996 ulipopita miaka ishirini kamili, yaani Novemba 2016. Lakini sheria hiyo humtaka mkulima awe na leseni, alipe kodi na alime mahali palipoidhinishwa. Anayelima kwa siri katika ardhi ya taifa hapangishi shamba, halipi maji wala kodi, na mzigo wake aweza kuupeleka hata kwenye majimbo ambako bangi ingali marufuku na bei yake ni kubwa. Aidha, sheria ya serikali kuu bado inakataza kilimo hicho katika misitu hiyo.

Ubaya wa jambo hili kwa mwindaji umo katika kalenda. Bangi ya msituni hupandwa majira ya kuchipua, kama Aprili au Mei, nayo huvunwa kati ya Agosti na Oktoba. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Agosti katika sehemu za pwani, na katika milima ya bara huwa Septemba na Oktoba. Basi mwindaji huingia bondeni wakati uleule ambapo mazao yamekomaa, yana thamani kubwa kuliko wakati mwingine wowote, na walinzi wake wanalala jicho moja wazi. Tena mwindaji hafuati njia kuu kama watalii. Kazi yake humpeleka penye maji, penye kivuli na pasipo na watu, nako ndiko hasa mkulima wa siri alikokuchagua.

BUNDUKI SI NGAO

Wako wanaodhani kwamba mtu mwenye bunduki hana haja ya kuogopa. Fikira hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote, na wasomaji waliopata mafunzo ya kijeshi watakuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Askari wa doria haendi peke yake. Ana wenzake kuume na kushoto, ana redio, ana amri aliyopewa na mamlaka ya sheria nyuma yake. Mwindaji hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana risasi chache, mavazi ya rangi kali pengine, na mwenzake mmoja ambaye huenda ni mwanawe wa miaka kumi na minne. Mbele yake, asikokuona, yupo mtu aliyekaa kambini kwa miezi mitatu au minne na anayelijua kila jiwe la bonde lile. Mtu huyo anapomwona mgeni mwenye bunduki, hamwoni mwindaji. Humwona mwizi aliyekuja kumpora mavuno, au askari aliyekuja kumkamata. Katika hali hiyo bunduki ya mwindaji haimkingi. Yamkini ndiyo itakayosababisha afyatuliwe risasi kwanza.

Inafaa kusema pia kwamba wengi wa wanaokaa kambini ni vibarua maskini. Mwenye shamba haonekani msituni. Hutuma watu, huwapelekea chakula usiku na kuwadai mavuno. Kibarua anayerudi mikono mitupu ana mengi ya kuogopa, na mtu mwenye hofu ni mwepesi wa kufyatua.

Mkasa mmoja ulitokea katika kaunti ya Mendocino, kaskazini mwa jimbo, Agosti 2011. Jere Melo, diwani na meya wa zamani wa mji wa Fort Bragg, aliyekuwa pia mtaalamu wa misitu, alipigwa risasi akafa alipokwenda kukagua habari za kilimo haramu katika msitu wa kampuni binafsi. Alikuwa na mwenzake, naye alinusurika. Ilikuja kujulikana kwamba aliyefyatua alikuwa akiotesha huko mipopi, mimea inayotoa afyuni, wala si bangi. Ilichukua zaidi ya mwezi mmoja wa msako mkali, wenye mbwa na askari wengi, hadi mtu huyo alipopatikana na kuuawa na polisi. Ikiwa kikosi kizima kilihangaika kiasi hicho kumpata mtu mmoja aliyeujua msitu, mwindaji mmoja angefanya nini?

Katika majira hayohayo ya mwaka 2011, idara za serikali kuu na za kaunti sita ziliungana kuusafisha Msitu wa Taifa wa Mendocino. Zilikata mamia ya maelfu ya mashina ya bangi, zikakamata watu zaidi ya mia moja na kuondoa takataka kwa tani. Hesabu hiyo ni ya msitu mmoja tu kati ya ile 18.

DALILI ZA KUZITAZAMA

Kwa bahati njema kilimo hiki hakijifichi kikamilifu. Dalili ya kwanza mara nyingi huonekana barabarani, kabla mtu hajaingia porini: gari limesimama mahali pasipo na sababu, au watu wanashusha magunia ya mbolea na vyakula usiku kando ya barabara ya msitu. Ndani ya msitu, jambo la kutiliwa shaka ni mpira mweusi wa maji uliolazwa chini ya majani. Hakuna kulungu anayehitaji mpira wa maji. Vilevile kijito kilichozibwa kwa mawe na karatasi ya plastiki, njia iliyokanyagwa vizuri ambayo haimo katika ramani, matawi yaliyokatwa kwa msumeno pasipo na kazi ya misitu, mitungi midogo ya gesi ya kupikia, kwani moshi wa kuni ungewafichua, na mabaki ya makopo na mifuko. Harufu ya bangi iliyokomaa ni kali, nayo huchukuliwa na upepo kutoka mbali. Sauti za watu wakizungumza katika bonde lisilo na kambi halali ni onyo tosha.

Mtu akiona dalili moja tu, asiendelee mbele ili ahakikishe. Udadisi ndio huwaponza wengi. Ushauri wa idara za misitu za huko ni mwepesi kukumbuka: asimame, asipige kelele, asimwite mwenzake kwa sauti, ageuke na kurudi kwa njia ileile aliyojia. Njia ileile, kwa sababu hiyo amekwisha kuipita salama. Njia ya mkato yaweza kumwingiza katikati ya shamba au kambini, na pengine kwenye mtego. Mitego haipatikani kila mahali, lakini askari wamewahi kuikuta. Akikutana na mtu uso kwa uso, amsalimu kama mpita njia yeyote, bunduki ikitazama chini, asiulize maswali, wala asionyeshe kwamba ameona kitu, kisha aondoke.

Wakati anaondoka aangalie alama za mahali: umbo la kilima, mti uliopigwa radi, kijito kilipopinda. Akiwa na simu ya mkononi au chombo kinachopima mahali kwa setilaiti, atunze alama ya pale alipo, lakini asisimame kupiga picha. Simu ya kutoa taarifa ingoje mpaka afike kwenye gari na kuondoka eneo lile. Taarifa hupelekwa kwa sherifu wa kaunti au ofisi ya Huduma ya Misitu iliyo karibu.

Hapa baadhi ya wanaume huona haya. Amekuja kuwinda, ana bunduki, halafu akimbie? Neno kukimbia si mahali pake. Mwananchi anayerudi na habari sahihi ya mahali huwapa polisi kitu ambacho helikopta pengine ingekitafuta wiki nzima. Kukamata ni kazi ya wenye mafunzo na amri. Hata polisi aliye likizoni, nje ya eneo lake, hufanya vyema zaidi kuyakabidhi mambo kwa walio zamu.

SUMU ISIYOSEMA

Lipo jambo jingine ambalo halina bunduki lakini huua. Wakulima hawa hutega sumu ili panya wasiitafune mimea na dubu wasiivamie kambi. Mwaka 2012 mtafiti Mourad Gabriel na wenzake walichapisha uchunguzi wa mizoga 58 ya mnyama mdogo wa misitu hiyo, wa jamii ya kicheche. Walikuta sumu ya panya katika asilimia 79 ya mizoga hiyo. Mnyama huyo haishi karibu na nyumba wala mashamba ya halali, hivyo mashamba haramu ya bangi ndiyo yaliyotiliwa shaka kuwa chanzo.

Mbaya kuliko sumu ya panya ni kabofurani, dawa ya wadudu ambayo mwaka 2009 serikali ya Marekani ilipiga marufuku mabaki yake katika chakula chochote. Wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wanaijua kwa jina la dukani, Furadan. Ndiyo iliyotumiwa nchini Kenya kutia sumu mizoga ili kuua simba, na tai wengi wakafa pamoja nao. Huko California hukutwa imemiminwa katika chupa za plastiki za vinywaji. Mtoto akiiona chupa hiyo atadhani ni kinywaji kilichosahauliwa. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mwanawe kuwinda amfundishe kutookota chupa, kopo wala mfuko wowote msituni, na mbwa afungwe kamba penye shaka. Maji ya kijito kilicho chini ya shamba la namna hiyo yasinywewe hata yakichemshwa, kwa sababu moto huua vijidudu, hauondoi sumu. Na mnyama aliyekutwa akiyumba, akitokwa na povu au amekufa bila jeraha asichunwe wala kuliwa, hata kama nyumbani wanangoja nyama.

Kuhusu hao wanaongoja nyumbani, kazi yao si ndogo. Kabla ya safari mwindaji aache karatasi mezani: jina la bonde, mahali gari litakapoegeshwa, majina ya walio pamoja naye, saa ya kurudi, na saa ambayo ikipita mkewe au mzazi wake atapiga simu kwa sherifu bila ya kusitasita. Saa hiyo ya pili ndiyo watu husahau kuiandika. Bila hiyo, mke hukaa mpaka usiku wa manane akijiuliza kama atamwaibisha mumewe kwa kuita polisi mapema, na mapambazuko humkuta angali anajiuliza.

Si haki, hata hivyo, kuwatwika wakulima wa bangi kila uovu wa msituni. Kweli, moto mkubwa uliounguza hekta 36,000 hivi katika Msitu wa Taifa wa Los Padres, Agosti 2009, ulianzia kwenye jiko la kambi ya bangi. Lakini moto wa Agosti 2013 katika Msitu wa Stanislaus, ulioteketeza hekta zipatazo 104,000 na kuingia hadi mbuga ya Yosemite, nao ulivumishwa mwanzoni kuwa ni wa wakulima hao. Huduma ya Misitu ilipochunguza ikatangaza kwamba ulitokana na moto uliowashwa na mwindaji kinyume cha amri. Mtu mmoja alishitakiwa mwaka 2014, na mashitaka yakafutwa mwaka uliofuata baada ya mashahidi wawili kufariki.

Baada ya taarifa kutolewa, mwindaji asitegemee kwamba bonde litakuwa safi kesho yake. Askari huweza kungoja na kupeleleza kabla ya kuvamia, na kukata mimea ni sehemu iliyo rahisi. Mipira ya maji, mbolea na makopo ya sumu huhitaji watu wenye mavazi ya kinga, na mara nyingi helikopta ya kubebea mzigo. Mahali pengine vitu hivyo vimekaa miaka kabla ya kuondolewa. Kwa sababu hiyo, msimu unaofuata, mwenye busara hupita kwanza ofisi ya msitu, hufungua ramani mbele ya ofisa na kuuliza ni bonde lipi la kuepukwa mwaka huu.