Irène Némirovsky: Aliwachora Wayahudi bila huruma, akafia Auschwitz kwa kuwa Myahudi

Tarehe 13 Julai 1942 polisi wa Ufaransa walifika kwenye nyumba moja kijijini Issy-l'Évêque na kumchukua mama wa watoto wawili mwenye miaka 39. Hakuwa jasusi wala mpiganaji. Alikuwa mwandishi wa riwaya mwenye jina kubwa, na alikuwa amebatizwa Mkatoliki. Kwa sheria ya wakati ule alikuwa Myahudi, basi. Mengine yote hayakuhesabiwa.

Huyo ni Irène Némirovsky. Wiki tano baadaye alikuwa amefariki katika kambi ya Auschwitz.

Mpaka leo wasomaji wanabishana juu yake, na ubishi wenyewe unatokana na vitabu vyake. Baadhi ya riwaya zake zinawaonyesha Wayahudi kwa namna ambayo hata maadui wao waliifurahia. Iliwezekanaje?

Alizaliwa mwaka 1903 mjini Kyiv, ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola la Urusi. Baba yake, Léon, alianza chini akawa tajiri wa benki. Irène alilelewa na yaya wa Kifaransa, kwa hiyo Kifaransa alikijua tangu utotoni. Mapinduzi ya Urusi yalipotokea, familia ilikimbia kupitia Finland na Sweden, na mwaka 1919 ikafika Ufaransa. Akasoma chuo kikuu cha Sorbonne, akaolewa na Michel Epstein, Myahudi mwenzake kutoka Urusi, akaanza kuandika.

Riwaya iliyompa umaarufu ni David Golder, iliyotoka mwaka 1929. Inamhusu mzee tajiri wa Kiyahudi, mgonjwa wa moyo, ambaye mke na binti yake wanamuona kama mfuko wa pesa tu. Kitabu kilipendwa sana, hadi kikatengenezewa filamu. Lakini kilijaa picha zilezile za kashfa: pua zilizopinda, uchu wa fedha, biashara za ujanja. Magazeti ya Kiyahudi yalimuuliza kwa nini anawapa silaha wanaowachukia Wayahudi. Jibu lake lilikuwa kwamba aliandika watu aliowaona.

Na kweli aliwaona, nyumbani kwao. Kuna jambo ambalo wengi wanaomlaumu hulipita haraka: Irène hakuelewana kabisa na mama yake, mwanamke aliyependa anasa na ujana kuliko mtoto wake. Mama huyo anajirudia kitabu baada ya kitabu kwa majina tofauti. Sehemu ya ukali unaosomwa kama chuki kwa Wayahudi ni hasira ya binti kwa mama. Hilo halifuti kashfa zilizomo, maana msomaji wa Paris hakumjua mama huyo. Alichokiona ni Wayahudi.

Mwenyewe alikuja kulitambua hilo. Hitler alipokwisha kushika madaraka Ujerumani, Irène alisema kwamba kama hali ingekuwa hivyo mapema, angekilainisha sana kitabu kile. Hata hivyo aliendelea kuuza hadithi zake kwa gazeti la Gringoire, lililokuwa likichapisha matusi dhidi ya Wayahudi. Hapo ni vigumu kumtetea.

Si kwamba aliukana Uyahudi. Mwaka 1940 alitoa riwaya ya Les Chiens et les loups, yaani Mbwa na Mbwamwitu, labda kitabu chake cha haki zaidi kuhusu watu wake. Ndani yake kuna watoto wawili maskini wanaokimbia ghasia dhidi ya Wayahudi, wakapanda hadi mtaa wa juu kwa ndugu zao matajiri, na matajiri wale wanawaogopa kama kioo: wanaona kule walikotoka. Mtu aliyeikwepa asili yake hawezi kuandika hivyo.

Maisha ya nje ya vitabu yalikuwa yakibana. Familia iliomba uraia wa Ufaransa, haikupata. Mwaka 1939 Irène, mume na watoto wakabatizwa. Oktoba 1940 serikali ya Vichy ikatunga sheria iliyomtambua Myahudi kwa kuangalia babu na bibi zake. Hapo cheti cha ubatizo kikawa hakina kazi kwa mtu kama yeye. Hakuweza tena kuchapisha kwa jina lake, akatumia majina ya bandia. Kufikia Juni 1942 alikuwa anatembea kijijini na nyota ya njano kifuani, yeye na binti yake mkubwa, Denise.

Alipokamatwa, Michel alihangaika kuandika barua huku na kule. Moja ilikwenda kwa balozi wa Ujerumani mjini Paris. Humo alijitetea kwamba mke wake, ingawa ana asili ya Kiyahudi, hakuwahi kuwaandika Wayahudi kwa upendo. Yaani lawama aliyokuwa akiikwepa kwa miaka 13 mume wake aliigeuza kuwa ombi la kumwokoa. Haikusaidia. Wakati barua inaandikwa, Irène alikuwa ameshasafirishwa kwenda Auschwitz. Michel naye alikamatwa Oktoba na kuuawa hukohuko.

Denise na mdogo wake Élisabeth walifichwa huku na kule, wakibeba sanduku lenye daftari la mama yao. Kwa miaka mingi Denise alidhani ni shajara, na hakuwa na moyo wa kuisoma. Alipokaa hatimaye kuinakili kwa lenzi, maana maandishi yalikuwa madogo mno ili kubana karatasi, akakuta ni riwaya: Suite française, kuhusu Wafaransa chini ya uvamizi. Ilichapishwa mwaka 2004 na kupata tuzo ya Renaudot, ambayo haikuwahi kutolewa kwa mwandishi aliyekufa.

Wasomaji wakamtafuta Myahudi ndani yake. Hayumo. Wapo Wafaransa wanaokimbia mabomu, wapo askari wa Kijerumani waliopangishwa vyumba vya kijijini, lakini watu waliokuwa wakisakwa wakati anaandika, yeye akiwa mmojawapo, hawatajwi. Wengine wanasema ndiyo ushahidi kwamba alijikimbia. Wengine wanaona alikuwa akiitazama nchi iliyomkataa, na kuwaandika wale waliofunga milango. Alipanga sehemu tano. Alimaliza mbili.