Dizaina Hasomi? Tuzipime Kauli za Vijiweni

Kaa nusu saa kwenye stesheneri ya barabarani pale Kibiti, zinapochapwa kadi za michango ya harusi na vipeperushi vya ligi. Utasikia mengi kuhusu kuchora, ila jina la kitabu hulisikii. Kauli zifuatazo umeshakutana nazo, na huenda baadhi umezirudia mwenyewe.

"Kuchora ni kipaji tu. Tingatinga alisoma kitabu gani?"

Uongo, ingawa swali lenyewe ni zuri. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, hakupita chuo cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 na akafariki 1972. Kama mtindo wake ungekuwa kipaji cha kuzaliwa nacho pekee, ungezikwa naye. Ulibaki kwa sababu alikuwa ameshawafunza ndugu na jamaa waliokaa kando yake wakiutazama mkono wake. Kinachoweza kufundishwa kinaweza pia kuandikwa kitabuni.

"Mchoraji hutumia ubongo wa kulia. Kama wako ni wa kushoto, kauze samaki."

Uongo. Kauli hii ilisambazwa sana na kitabu maarufu cha Mmarekani Betty Edwards, *Drawing on the Right Side of the Brain*, cha 1979. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, wasione dalili kwamba kuna watu wa upande wa kulia na wengine wa kushoto.

Lakini usikitupe kitabu hicho! Nadharia yake imechuja, mazoezi yake bado yana nguvu. Edwards anakutaka uchore picha ikiwa imepinduliwa kichwa chini, na uchore nafasi tupu badala ya kitu chenyewe. Mkazi wa delta ya Rufiji hahitaji kutafuta mbali pa kujaribia. Maji yakipwa, kaa mbele ya mkoko uangalie mizizi yake iliyojipinda kama matao. Ukianza na mizizi, mkono utachora mizizi unayoijua kichwani, yote inafanana. Sasa iache, uchore matope na mwanga unaoonekana katikati yake, tundu moja baada ya jingine. Matundu hayo hayana umbo ulilolikariri, kwa hiyo jicho halina budi kutazama. Ukiyamaliza, mizizi imejitokeza yenyewe, tena kila mmoja na kigimbi chake. Hili si la kuamini kwa maneno, nenda ukajaribu.

"Rangi ya khanga usiihukumu ikiwa peke yake."

Kweli tupu, na hapa mama zetu hawakuhitaji profesa. Profesa naye alifika hapo hapo: Josef Albers, katika *Interaction of Color* cha 1963, alionyesha kwamba rangi ile ile hubadilika machoni kutokana na rangi iliyo jirani. Mazoezi yake hayadai kompyuta, karatasi za rangi zinatosha. Kata vipande viwili vya karatasi moja ya kahawia, kimoja ukiweke juu ya khanga ya njano na kingine juu ya kaniki. Cha kwanza kitaonekana kimekolea, cha pili kimepauka. Anayeandika jina ubavuni mwa mashua angelijua hili kabla ya kununua kopo la rangi, angeokoa fedha.

"Anayenakili ni mwizi."

Nusu kweli. Mwanafunzi wa madrasa huiga hati ya mwalimu mpaka mkono uzoee, na hakuna anayemwita mwizi. Ukiuza nembo ya mtu uliyoipakua, hayo ni mengine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakuhusu.

"Vitabu vya kabla ya kompyuta ni vya makumbusho."

Uongo mkubwa kuliko yote, na unawagharimu sana vijana wenye fonti elfu moja wasiojua hata moja imetoka wapi. Mwingereza Edward Johnston, aliyebuni herufi za treni za chini ya ardhi za London, alitoa *Writing & Illuminating, & Lettering* mwaka 1906. Mapema kitabuni anakufundisha kuchonga kalamu ya tete. Rufiji na matete! Ukiishika kalamu hiyo kwa pembe moja bila kuigeuza, unene na wembamba wa herufi hujitokeza wenyewe. Baada ya hapo, fonti yenye unene mahali pasipostahili utaigundua mara moja. Kwa mpangilio wa ukurasa, *Grid Systems* cha Mswisi Josef Müller-Brockmann, cha 1981, bado hakijapata mpinzani machoni pangu.

"Kwa Kiswahili hakuna kitu."

Nusu kweli. Miongozo mingi mizuri ni ya Kiingereza. Ila mchoraji husoma pia kwa macho: *Abunuwasi* cha mchora katuni Gado, kilichotolewa Nairobi mwaka 1996, ni somo zima la uso na mwendo. Mtanzania John Kilaka, katika *Fresh Fish*, amechora wanyama waliovaa nguo wakihangaikia samaki wa kupeleka sokoni. Hadithi hiyo utaielewa hata ukiruka maneno.

"Vitabu hivyo ni vya watu wa Dar wenye pesa."

Vikiwa vipya, kweli, ni ghali. Kabla ya kununua, kaulize Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Cha Johnston, pamoja na *Line and Form* cha Walter Crane cha 1900, vinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Vina picha nyingi na mafaili yake ni mazito, kwa hiyo vipakue ukiwa Kibiti mjini kabla hujapanda boti Nyamisati.