Bunduki ya kaliba .22 ya wenzo: mambo ya kupima kabla ya kuomba leseni Bukoba na Muleba

Katika vijiji vya Muleba vilivyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na katika vibanja vya Bukoba vinavyopakana na misitu na mabonde, tumbili, nyani na nguruwe pori ni wageni wasiokwisha. Mkulima aliyepoteza mahindi au mikungu ya ndizi kwa wanyama hao hufikia wakati akaanza kuulizia bunduki. Baadhi ya waulizaji huvutiwa na bunduki ndogo ya kaliba .22 inayokokwa kwa wenzo, kwa kuwa ni nyepesi, risasi zake ni nafuu na mlio wake si mkubwa. Kabla ya fedha kutoka mfukoni, mwombaji anapaswa kuelewa silaha hiyo ni ya namna gani, ina uwezo gani, na sheria inamruhusu kuitumia wapi na kwa lengo gani.

Wenzo ni kipande cha chuma kilicho chini ya kifyatulio, chenye umbo la kitanzi kinachoingia vidole. Mtumiaji akikisukuma mbele na kukirudisha, ganda lililotumika hutoka, risasi mpya huingia chemba na nyundo hubaki imekokwa. Risasi zenyewe ni za aina ambayo fataki yake imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda badala ya kuwekwa katikati. Pini ya bunduki hugonga ukingo huo na baruti ikawaka. Ganda la namna hii lina ukuta mwembamba, hivyo halihimili nguvu kubwa na haliwezi kujazwa upya baada ya kutumika. Risasi inayojulikana zaidi katika kundi hili, .22 Long Rifle, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, na kwa kawaida hubeba kipande cha risasi chenye uzito wa gramu 2.6 hivi.

Silaha za mfumo huu si ngeni katika historia ya ukanda wa maziwa makuu. Henry Morton Stanley, katika msafara wake wa mwaka 1871 wa kumtafuta Livingstone, alikuwa na bunduki ya Henry yenye kubeba risasi 16, ambayo hukokwa kwa wenzo na kutumia risasi zenye fataki ya ukingoni. Miaka minne baadaye, Agosti 1875, msafiri huyo alirejea kwa mitumbwi katika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba, na watu wake wakawafyatulia risasi wakazi waliokuwa ufukweni. Wengi walikufa. Bunduki inayouzwa leo kwa jina la ndogo imetokana na teknolojia hiyo hiyo ya kufyatua risasi nyingi kwa haraka.

Neno “ndogo” ndilo linalopotosha zaidi. Risasi ya .22 Long Rifle hulengwa kwa uhakika katika umbali usiozidi mita 100 hivi, lakini ikikosa shabaha haisimami hapo. Ikifyatuliwa kwa pembe ya juu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1.5, na mwishoni mwa safari hiyo bado ina uwezo wa kujeruhi mtu. Kwa mkazi wa mbuga tupu huenda jambo hilo lisiwe zito sana. Kwa mkazi wa Kamachumu, Kanyigo au Kemondo, ambako kibanja kimoja hupakana na kingine na nyumba zimefichwa na migomba, kilomita 1.5 ni vitongoji kadhaa, shule na njia ya kwenda kisimani. Tumbili naye hakai chini. Hupanda juu ya mti. Anayemlenga huelekeza mtutu angani, bila udongo wala kilima cha kuizuia risasi iliyokosa, na migomba haizuii chochote. Hata rweya, nyanda za nyasi zilizo wazi, si mahali patupu: kuna wachungaji na wakata nyasi.

Jambo la pili ni maji. Risasi ya kaliba hii imetengenezwa kwa madini laini ya risasi, na ikipiga uso wa maji au jiwe kwa pembe ndogo hudunda na kuendelea katika mwelekeo usiotabirika. Katika fukwe za Ziwa Viktoria na visiwa vya Muleba, ambako mitumbwi ya wavuvi hupita alfajiri na jioni, kufyatua bunduki kuelekea ziwani ni hatari ya moja kwa moja kwa maisha ya watu.

Ziwa hilo pia lina viboko na mamba, na hapa ieleweke wazi kwamba bunduki ya .22 si silaha ya kumkabili mnyama hatari. Haimuui kiboko, mamba wala nyati; humjeruhi tu, na mnyama aliyejeruhiwa huwa hatari zaidi kwa mpita njia wa kwanza atakayekutana naye. Nguruwe pori mkubwa naye si wa kupigwa kwa risasi hiyo. Katika matukio ya namna hii, njia sahihi ni kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye huwasiliana na mamlaka husika za uhifadhi, zikiwemo TAWA na TANAPA. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi kwa madhara yanayosababishwa na wanyamapori hatari, na utaratibu huo hutegemea taarifa iliyotolewa mapema.

Kumiliki bunduki kihalali hakumpi mtu kibali cha kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inahitaji leseni ya uwindaji, ambayo ni tofauti kabisa na leseni ya silaha. Sheria hiyo inatambua kuua mnyama katika kulinda maisha au mali, lakini tukio hilo lazima liripotiwe, na nyara inayopatikana ni mali ya Serikali. Nyama haigawanywi kijijini wala ngozi haianikwi nyumbani. Ndani ya mipaka ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707 na iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, kuingia na silaha bila idhini ni kosa, hata kama leseni ya silaha hiyo iko mfukoni.

Kwa mwombaji ambaye baada ya kupima yote hayo bado ana sababu halali, kwa mfano mchezo wa shabaha katika eneo lililoidhinishwa, ubora wa silaha unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa bunduki mbovu ni hatari kwa mwenyewe. Wenzo usukumwe na kurudishwa taratibu mara kadhaa, silaha ikiwa tupu. Uende kwa ulaini, usicheze pembeni, na ukirudi ufunge kabisa bila kusukumwa kwa nguvu. Katika baadhi ya miundo wenzo hufunguka karibu pembe mraba. Katika Browning BL-22 husogea nyuzi 33 tu, jambo linalomwezesha mtumiaji kukoka bila kuondoa vidole vyake mahali pake. Hiyo ni faida ya wepesi, ingawa mtu anayejifunza hahitaji kasi.

Mwili wa bunduki ndio unaotofautisha bei. Marlin 39A ilijengwa kwa chuma cha pua kizito, na hufunguliwa vipande viwili kwa kulegeza skrubu moja ya pembeni, hivyo mtutu husafishwa kutokea nyuma. Henry ya kawaida ya kaliba .22 hutumia aloi nyepesi na bei yake huwa nafuu. Inafanya kazi vizuri, ila haina uzito wala ugumu wa chuma kitupu. Winchester 9422 husifiwa na wengi, lakini utengenezaji wake ulikoma mwaka 2005, kwa hiyo inayopatikana ni iliyokwishatumika na vipuri vyake ni vya kutafutwa. Mnunuzi wa Kagera angefaa kutanguliza urahisi wa kusafisha na upatikanaji wa vipuri kuliko umaarufu wa jina. Bukoba ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa hauachi chuma kipumzike. Mtutu usiopanguswa na kupakwa mafuta hushika kutu, mifereji ya msokoto iliyo ndani yake huharibika na shabaha hupotea.

Bunduki iliyokwishatumika ikaguliwe pia mdomo wa mtutu, usiwe umegongwa wala kupinda, na ukingo wa chemba, ambao huchimbika endapo mmiliki wa awali alikuwa na mazoea ya kufyatua silaha ikiwa tupu. Risasi ziwe za aina iliyoandikwa kwenye mtutu. Chemba ya .22 Magnum ni pana kuliko ya .22 Long Rifle, na kutumia risasi ya Long Rifle ndani yake hupasua ganda na kurudisha gesi ya moto kuelekea usoni.

Uangalifu mkubwa zaidi uelekezwe kwenye magazini. Bunduki nyingi za wenzo hubeba risasi katika bomba lililolala chini ya mtutu, na bomba hilo halionekani ndani. Kutoa bomba la ndani na kumwaga risasi hakutoshi, kwa kuwa risasi moja inaweza kubaki katika kipandishio na nyingine katika chemba. Wenzo ukokwe mara kadhaa mtutu ukielekea upande salama, kisha chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole. Nyundo iliyokokwa nayo hushushwa kwa kidole gumba, kitendo ambacho mkono wenye jasho au mvua huweza kukiharibu.

Ununuzi wenyewe huanzia katika ofisi ya kijiji au mtaa, mbali na dukani. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, maombi hupitia ngazi za kata na wilaya, ambako kamati za ulinzi na usalama huyajadili, kisha Polisi mkoa, hadi kwa msajili wa silaha. Mwombaji huchunguzwa mwenendo wake na uwezo wake wa kutumia na kuhifadhi silaha. Kibali cha kununua hutangulia malipo, na namba iliyochongwa kwenye silaha lazima ilingane na ile iliyo katika leseni. Silaha yenye namba iliyofutwa isiguswe kwa bei yoyote.

Kwa mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, tahadhari hiyo ina uzito wa pekee. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na wimbi la wakimbizi lililofuata mwaka 1994, viliacha silaha nyingi zikizunguka katika ukanda huu, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ilizitaka nchi wanachama kuziwekea alama na kuziandikisha. Kununua bunduki ng'ambo ya Mutukula na kuivusha bila kibali cha kuingiza silaha ni kosa la jinai, hata kama muuzaji ana risiti halali ya nchini kwake. Magobole yanayotengenezwa na mafundi wa vijijini nayo hayana msamaha kwa hoja ya kulinda shamba. Serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari katika miezi ya Septemba na Oktoba mwaka 2022, na ikafanya hivyo tena mwaka 2023.

Silaha yenye leseni huhifadhiwa kwenye kasha la chuma lililofungwa ukutani au sakafuni, risasi zikiwa mahali pengine penye kufuli, na haiazimwi kwa ndugu wala mlinzi wa shamba. Ikipotea au kuibwa, taarifa itolewe kituo cha Polisi mara moja. Mmiliki akifariki, leseni hairithiwi pamoja na kibanja: familia inapaswa kuipeleka silaha na risasi zake kituo cha Polisi kilicho karibu, na mrithi anayeihitaji huanza maombi yake upya kuanzia ofisi ya kijiji.