Mashua, mesa na kumbukumbu ya miaka 50

Mnamo Februari 2008 jarida la Science lilichapisha jaribio ambalo mtu wa Bungoma, magharibi mwa Kenya, angelisoma kwa furaha. Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, wanasaikolojia wa Marekani, walitaka kujua ni nini hasa humfanya mwanafunzi akumbuke msamiati wa lugha ya kigeni. Walihitaji lugha ambayo wanafunzi wao hawakuwa na hata chembe yake vichwani. Wakachagua Kiswahili. Vijana wa chuo kikuu wakapewa maneno 40, mashua likiwa mojawapo, kila neno na maana yake ya Kiingereza.

Vijana hao waliyaona maneno, wakajaribiwa, wakayaona tena, wakajaribiwa tena, mpaka kila neno wakawa wamelipata. Tofauti ilikuja pale neno lilipokwisha kujibiwa sawa mara moja. Kundi moja liliendelea kuulizwa neno hilo. Kundi jingine liliacha kuulizwa ingawa liliendelea kulisoma. Siku hiyo yenyewe hapakuwa na aliyemshinda mwenzake. Wote walijifunza kwa kasi moja. Wiki moja baadaye wakaitwa. Walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban maneno 80 kwa kila 100. Walioendelea kusoma tu bila kuulizwa walibaki na kama 35. Kilichonigusa zaidi ni kwamba, kabla ya kuondoka siku ya kwanza, kila kundi lilikisia kwamba litakumbuka kiasi cha nusu. Hawakujua, waliopata na waliokosa, kwamba njia zao zilikuwa zimeachana mbali kiasi hicho.

Mwanafunzi wa bweni, awe Kitale au Kimilili, atajitambua hapo. Wakati wa prepu anafungua daftari la Kifaransa, anasoma ukurasa mara sita, maneno yanaonekana ya kawaida, naye anafunga daftari akiamini ameyajua. Macho yamezoea ukurasa, lakini ulimi haujaulizwa kitu. Mimi nilisoma Kifaransa hivyo kwa miaka minne. Nilipasi, na ndani ya miezi michache baada ya mtihani sikuweza kuagiza hata maji ya kunywa.

Sasa nina swali la mama mmoja wa Chwele, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Binti yake alikuwa ameanza kujifunza Kihispania na wenzake. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, lugha za kigeni ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Kihispania hakimo, kwa hiyo anayekitaka hukitafuta kwenye chama cha wanafunzi, kwa mwalimu mwenye moyo, au kwenye simu wakati wa likizo. Mama akaniambia, “Mwalimu, simkatazi mtoto. Lakini mtihani haupo, na hapa Chwele hana wa kuzungumza naye. Miaka miwili atakuwa amekisahau chote. Si ni nguvu za bure?”

Ni swali la haki, na linastahili jibu lenye uzito. Wako wanaoweza kumjibu kwa kazi na safari: wanariadha wa huku kwetu wanaokwenda Hispania kila mwaka, kama alivyokwenda marehemu Kelvin Kiptum wa jirani Elgeyo Marakwet, aliyeshinda mbio za Valencia Desemba 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Lakini mama hakuuliza juu ya kazi. Aliuliza juu ya kusahau. Na juu ya kusahau Kihispania cha shuleni, hicho hicho hasa, sayansi ina jibu.

Mwaka 1984 Harry Bahrick, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Ohio Wesleyan, alichapisha matokeo ya watu 733 waliowahi kusoma Kihispania wakiwa wanafunzi. Wengine walikuwa bado darasani, wengine walikuwa wameacha mwaka uliotangulia, wengine walikuwa wazee waliofunga kitabu cha Kihispania miaka 50 nyuma. Aliwapa kusoma kifungu na kukielewa, aliwauliza msamiati na sarufi. Aliwauliza pia kama tangu shule walikuwa wamekisoma, wamekiandika, wamekisema au wamekisikia. Wengi hawakuwa wamekigusa kwa kiasi cha kuhesabika. Walikuwa kama huyo binti atakavyokuwa Chwele, bila wa kuzungumza naye.

Alichokiona ni hiki. Katika miaka mitatu hadi sita ya kwanza Kihispania kilimomonyoka kwa kasi, na hapo mama wa Chwele amesema kweli. Kisha mmomonyoko ukasimama. Kilichobaki baada ya miaka hiyo kilikaa vile vile, bila kupungua, kwa muda wa hadi miaka 30. Ndipo uzee ulipoanza kukipunguza tena, na hata hivyo, baada ya miaka 50, sehemu kubwa ilikuwa bado ipo. Bahrick aliipa hali hiyo jina lililotokana na ardhi ya nchi za baridi kali ambayo chini yake barafu haiyeyuki hata kiangazi. Sisi tunaweza kuiita ghala la kudumu.

Ni nani aliyekuwa na ghala kubwa? Ni aliyesoma kwa kina tangu mwanzo, aliyepanda madarasa kadhaa na kupata alama nzuri. Aliyeonja mwaka mmoja na kuacha alibaki na kidogo. Hili tuliseme bila kulificha, kwa sababu chama cha lugha kinachokutana muhula mmoja na kufa hakimjengei mtoto ghala. Binti wa Chwele, maadamu ameanza, aendelee mpaka amalize sekondari.

Namna ya kusambaza marudio katika miaka hiyo ina uchunguzi wake. Mwaka 1987 Bahrick na Elizabeth Phelps waliwatafuta watu waliowahi kujifunza maneno 50 ya Kihispania miaka minane nyuma. Baadhi yao walikuwa wamerudia vipindi vyao vyote kwa siku moja, wengine kila baada ya siku moja, wengine kila baada ya siku 30. Baada ya miaka minane, waliorudia kwa siku moja walikumbuka asilimia 6 ya maneno, wa kila siku asilimia 8, na wa kila mwezi asilimia 15. Asilimia 15 haionekani nyingi, lakini hao ni watu waliokaa miaka minane bila mazoezi, na walipata zaidi ya maradufu ya wenzao waliorudia kwa siku moja, kwa kubadilisha kalenda tu.

Kisha Bahrick akafanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Aliingiza familia yake. Watu wanne wa ukoo wa Bahrick, yeye mwenyewe akiwemo, walijifunza maneno 300 ya lugha ya kigeni na kuyarudia kwa vipindi tofauti: mengine kila baada ya siku 14, mengine 28, mengine 56. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993. Maneno yaliyorudiwa mara 13 kwa nafasi ya siku 56 yalikumbukwa sawa na yale yaliyorudiwa mara 26 kwa nafasi ya siku 14. Nusu ya kazi, mavuno yale yale. Gharama yake ni kwamba wakati wa kujifunza, nafasi ndefu inauma kidogo: ukirudi baada ya siku 56 unakuta umesahau mengi, na moyo unavunjika. Mwanafunzi asiyejua hili hudhani hana kipawa cha lugha. Kumbe ule ugumu wa kulitafuta neno lililojificha ndio unaoliimarisha.

Bungoma ina mfano wake wa zamani kuliko maabara yoyote. Tohara ya Babukusu hufanywa Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Wimbo wa sioyaye, unaoimbwa kijana anaporudishwa nyumbani kutoka mtoni alfajiri, hauimbwi nje ya wakati wake. Unanyamaza karibu miaka miwili. Agosti ikifika, wanaume wa umri wa babu zetu, wazee wenye mvi, wanaudaka bila daftari, wanaujibu mahali pake, hawapotei. Wimbo umewarudia kila baada ya miezi 24 tangu utotoni, na kila mara uliwalazimu kuutoa kifuani mwao wenyewe.

Turudi kwa Kihispania chenyewe, maana hapa ndipo watoto wetu wana mali wasiyoambiwa. Kiingereza kina irabu zaidi ya kumi na tahajia inayodanganya. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, zile zile za Kiswahili na za Lubukusu, lugha ya Babukusu, na kwa sehemu kubwa kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto anayesema “nasema” bila kuhitaji kutaja “mimi” hashangai kwamba Mhispania husema “hablo” peke yake, kwa sababu mwenye kusema yumo ndani ya kitenzi. Upatanisho nao ni mchezo wa nyumbani. “Libro rojo” ni kitabu chekundu, “libros rojos” ni vitabu vyekundu, “casa roja” ni nyumba nyekundu. Mwingereza hutokwa jasho kukumbuka kwamba sifa hufuata jina. Mtoto aliyekulia na ngeli zote za Kiswahili, na za omundu na babandu juu yake, anaambiwa kwamba Kihispania kina jinsi mbili tu. Mbili!

Sauti nazo zina habari njema. Watoto wengi wa Kibukusu wamechekwa darasani kwa namna wanavyotamka “b” ya Kiingereza. Lubukusu kina “b” ambayo midomo hukaribiana bila kufungana, ile ya jina Babukusu lenyewe, na hewa hupita katikati. Mhispania akisema “lobo”, yaani mbwamwitu, au “nuevo”, yaani mpya, herufi hiyo ya katikati hutamkwa karibu hivyo hivyo, iwe imeandikwa b au v. Na “kh” ya kukhu, bibi yetu, ndiyo inayotamkwa penye “j” ya “ojo”, jicho. Wanafunzi wa Marekani huchukua muda kuzifikia sauti hizi. Mtoto wa Webuye alinyonya nazo. Natamani kila mwalimu wa lugha katika kaunti hizi ajue jambo hili, kwa ajili ya yule mtoto aliyejifunza kunyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Maneno pia yanafahamiana. Wareno waliojenga Fort Jesus Mombasa kuanzia mwaka 1593 walituachia meza na bendera, na lugha yao ni ndugu wa Kihispania, ambacho kinasema “mesa” na “bandera”. Waarabu walikaa Andalusia tangu mwaka 711, na utawala wa mwisho wa Waislamu huko ukaanguka 1492, lakini maneno yao hayakuondoka. Kwa hiyo sukari yetu ni “azúcar” yao, zeituni ni “aceituna”, sifuri ni ndugu wa “cero”, kadhi ni ndugu wa “alcalde”, ambaye kwao amekuwa meya. Hata neno hili hata linahesabiwa kuwa na mzazi mmoja na “hasta” yao, inayomaanisha mpaka. Mtego upo pia: “papa”, ambaye nyumbani Bungoma ni baba, kwa watu wa Peru ni kiazi.

Mfano mwingine uko shambani. Mahindi chotara H611, yaliyotolewa Kitale mwaka 1964 na kubadili kilimo cha nyanda hizi, yalipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mbegu iliyoitwa Ecuador 573, kutoka nchi inayosema Kihispania. Mbegu hiyo ngeni ilishika kwa sababu ilikuta mwenzake wa kuchanganyika naye, kama Kihispania kinavyokuta Kiswahili na Lubukusu vinywani mwa watoto wetu.

Basi nilimwambia mama wa Chwele afanye hivi. Anunue karatasi ya manila, binti aikate vipande vidogo, kila kipande neno la Kihispania upande mmoja na maana yake upande wa pili. Maneno 15 kwa wiki yanatosha. Kesho yake ajiulize bila kugeuza kadi. Baada ya siku chache ajiulize tena. Bunda la Januari lifungwe kwa uzi na lifunguliwe Februari, kisha Aprili likizo ikifika, kisha Agosti. Neno lililopatikana lisitupwe nje ya bunda, kwa sababu ndilo kosa la wale vijana waliopoteza mashua. Na lililokosewa lisimtie huzuni.

Mama akasema, “Nitamuulizaje nami sikijui hicho Kihispania?” Nikamwonyesha kadi. Anajua kusoma Kiswahili, basi anaweza kusoma Kihispania kwa sauti kiasi cha kumhoji mtoto. Akaichukua, akaisoma taratibu, “Mesa.” Binti akajibu, meza. “Bandera.” Bendera. Akafika kwenye “hasta”, akaisoma na h yake yote, na binti akasema, “Mama, h yao haitamkwi. Ni asta. Maana yake mpaka.” Mama akairudisha ile kadi chini ya bunda, akachukua nyingine.