Myuoni hupenya, haimuliki

Wiki hii neno langu ni myuoni. Wapo wanaoiita "mwale", nami siafiki. Mwale ni wa jua au tochi, na ukuta huuzima. Myuoni ni chembe, ndugu ya elektroni ila nzito mara 207 hivi, na huzaliwa chembe kutoka anga za mbali zinapogonga hewa huko juu. Ukiwa Biliqo, Isiolo, nyosha kiganja, usiku au mchana: karibu moja kila sekunde inakipenya. Huhisi kitu, wala paa la bati halikukingi.

Kitenzi "penya" basi kinafaa kuliko "pita", maana kinabeba kizuizi ndani yake. Mwenziwe ni "kwama". Mawe mengi hukwamisha myuoni nyingi. Penye uwazi hupenya zaidi. Weka vihesabio, subiri miezi, utapata picha ya ndani bila kutoboa jiwe. Luis Alvarez alifanya hivyo kwenye piramidi ya Khafre, Misri, na mwaka 1970 akaripoti kuwa sehemu aliyopima haikuficha chumba. Mwaka 2017, ScanPyramids wakatangaza uwazi wa urefu usiopungua mita 30 ndani ya piramidi ya Khufu.

Mtoto wa Biliqo huongea Kiborana nyumbani, kisha husomeshwa sayansi kwa Kiingereza. Mwambie "mwale", atatafuta mwanga asiuone. Mwambie chembe hii imepenya, ile imekwama, hapo hata kamusi hafungui.

Ngeli? I-/ZI-: myuoni imepenya, myuoni zimepenya.