Sindano Ijuayo Pa Kukomea
Wafugaji wa Kimaasai wa Ngorongoro, majirani wa Endamarariek, hutoa damu ya ng'ombe kwa mshale wenye kizuizi karibu na ncha. Ncha hutoboa mshipa wa shingo. Kizuizi huuzuia mshale usizame zaidi.

Daktari apasuaye tumbo kupitia tundu dogo hukabiliwa na tatizo hilo hilo: apenye bila kujeruhi utumbo wala mishipa mikubwa. Lakini unene wa ukuta wa tumbo hutofautiana baina ya watu, hivyo kizuizi cha kipimo kimoja hakifai.

Mwaka 1938 János Veress, daktari wa Hungaria, alieleza sindano aliyoibuni kwa tiba ya kifua kikuu. Ndani yake mna mrija butu unaosukumwa na springi. Ukikutana na nyama ngumu hurudi nyuma, makali yakakata. Ukifika penye uwazi huchomoza na kuyakinga makali. Madaktari wa upasuaji waliichukua ili kujaza tumbo kaboni dioksidi, ukuta uinuke kabla ya vyombo kuingizwa.

Hata hivyo, sindano hiyo hupenya pasipoonekana. Kwa hiyo mwaka 1971 Harrith Hasson wa Chicago alieleza njia nyingine: kukata kidogo, kutazama, ndipo kuingiza mrija.